Pale Mbele Pasafishwe

Risala ya watunza bustani wa hospitali kwa Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, siku ya kupanda miti

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Mganga Mkuu, Katibu wa hospitali, wauguzi, madobi, wapishi na walinzi wenzetu, wagonjwa mlioweza kutoka kuja kukaa nasi, na ninyi mnaotusikiliza mkiwa vitandani:

Sisi watunza bustani tunakusalimu kwa heshima zote. Risala hii tumeitunga pamoja na kubishana pamoja, na anayeisoma ni mwenzetu tunayemwita Mama Mpira, kwa kuwa mpira wa maji hautoki mkononi mwake. Tumemchagua kwa sababu sauti yake imezoea kushindana na upepo. Ukisikia karatasi zikipiga kelele kwenye kipaza sauti, tuwie radhi. Zamani mahali hapa ulipoketi hapakuwa na upepo wa namna hii, na sababu yake ndiyo risala yenyewe.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana, Mama. Tunajua umeacha mengi kuja kwetu, na tunajua hukuja mikono mitupu. Ile miche iliyopangwa chini ya turubai, miwaridi na mijakaranda, hukuinunua dukani. Dereva wako ametuambia kwamba umeiotesha mwenyewe, nyumbani kwenu huko milimani kwenye baridi, na kwamba ulikuwa ukiimwagilia asubuhi kabla ya kunywa chai. Sisi ambao kazi yetu ni hiyohiyo tunajua mtu akikupa mche aliouotesha kwa mkono wake amekupa nini. Kwa hiyo tunaanza na asante. Tunaomba uishike vizuri asante hiyo, maana huko mbele tutasema maneno yanayoweza kukufanya udhani hatukushukuru.

Shimo la mti wako tumeshalichimba. Jembe limefungwa utepe, ndoo ya maji ipo, na samadi tumeichanganya tangu juzi ili isinuke mbele ya wageni. Kila kitu kiko tayari isipokuwa sisi wenyewe.

HISTORIA YA BUSTANI

Mgeni rasmi, hospitali hii ilijengwa karibu mno na bahari. Waliojenga walitaka wagonjwa wapate hewa safi, na hewa waliipata, pamoja na chumvi na mchanga. Watunza bustani wa kwanza, ambao sisi tumewarithi majembe tu, walifanya lile ambalo kila mtu angefanya. Walipanda maua mazuri. Tunasimuliwa kwamba walipanda waridi kuanzia lango kuu mpaka wodi ya wazazi, na kwamba siku ya ufunguzi watu walipiga picha. Upepo ulipogeuka, waridi zote zilibabuka. Wakapanda tena. Zikababuka tena. Walidhani ni wadudu, wakapulizia dawa. Walidhani ni udongo, wakaleta udongo mwingine kwa lori. Walikosea mara nyingi kabla hawajapatia, na hilo tunalitaja kwa heshima, maana sisi tulikuta wameshakosea kwa niaba yetu.

Walichokuja kugundua ni kwamba kwenye bustani ya pwani huanzi na mmea unaoupenda. Unaanza na mmea ambao bahari haiuwezi. Mbele kabisa, kwenye mchanga, unaweka mtambaazi unaoshika mchanga usitembee. Nyuma yake mikadi yenye majani magumu na miiba, na mkonge. Nyuma yake mivinje, ambayo majani yake ni membamba kama nyuzi, upepo unapita katikati na kuchoka humohumo. Halafu mikungu yenye kivuli. Ukishamaliza hayo, ndipo nyuma yake unaweza kupanda ua la kumpendeza mgonjwa, na likaishi.

Safu hiyo yote ya mbele tuliiita Kinga. Hatukumbuki nani alianza kuiita hivyo, lakini kwa kuwa tuko hospitali, jina lilikaa. Kinga haikuwa nzuri, tuseme ukweli. Ilikuwa imechongoka huku, imeinama kule, na majani ya mikadi yalikuwa yakikauka yanabaki yananing'inia. Mifuko ya plastiki iliyokuja na upepo ilinasa kwenye miiba yake na chupa zilijificha chini. Tulizizoa, lakini bahari ilikuwa inaleta kuliko tulivyoweza kuzoa.

Kazi yetu nyingine ilikuwa kuchagua mimea ya kuongeza. Nyuma ya chumba cha dobi kuna kona inayopigwa na upepo kuliko pote. Kila mche mgeni tuliuweka pale kwanza ukae msimu mmoja bila kubembelezwa. Ukibaki na majani yake, tunasema umefaulu usaili, unapewa kazi. Mingi ilifeli. Kuna mmoja tulioupenda sana, wenye maua mekundu, tulimsikia mwenzetu mmoja akiuombea, "Jamani, huyu mpeni nafasi ya pili." Tuliupa. Ukafeli tena, safari hii mbele ya mashahidi.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, sehemu hii katika risala nyingi huwa ndefu. Yetu ina fanikio moja.

Mwaka jana ulitutembelea. Ulisimama kwenye baraza ya juu ya wodi ya wazazi, ukatazama upande wa bahari, ukasema, "Pale mbele pasafishwe." Sisi hatukuwepo juu. Tulikuwa chini tukikusubiri tukupigie makofi. Neno lako lilimfikia Mganga Mkuu, likatoka kwa Mganga Mkuu likaenda kwa Katibu, likatoka kwa Katibu likaenda kwa msimamizi wetu, ambaye tunamwita Taratibu kwa sababu hajawahi kukimbia. Likatufikia sisi likiwa zima, hakuna aliyeliongeza wala kulipunguza. Pale mbele pasafishwe.

Sasa, Mama, kila kazi ina lugha yake. Daktari akisema mgonjwa ameruhusiwa, maana yake amepona aende nyumbani. Sisi tuna kuzoa, ambako ni kuokota taka. Tuna kufyeka, ambako ni kukata nyasi. Tuna kupogoa, ambako ni kupunguza matawi. Na tuna kusafisha. Mkulima yeyote akikwambia amesafisha shamba, anamaanisha ameng'oa kila kilichosimama, hata visiki. Neno hilo kwetu halina maana nyingine likishikana na mahali palipoota miti.

Taratibu alirudi kuuliza. Tunalisema hilo kwa sababu ni haki yake. Alikwenda ofisini kwa Katibu, akavua kofia, akauliza, "Pasafishwe pote?"

Katibu akamjibu, "Pote. Au ulitaka pasafishwe nusu?"

Na hilo ni jibu la mtu mwenye akili. Mtu anayefikiria mifuko na chupa, ukimuuliza kama aokote zote, atakujibu hivyohivyo. Taratibu akavaa kofia yake akarudi. Tulimwona anavyotembea, tukajua.

Tulianza asubuhi. Mgeni rasmi, hatujawahi kufanya kazi vizuri namna ile. Tulipewa msumeno wa mashine, tukapewa na chai ya ziada. Mikadi iling'ang'ania, lakini mivinje ililala mmoja baada ya mwingine, na mitambaazi tuliivuta kama mtu anavyokunja mkeka. Ulipoanguka mvinje mkubwa wa mwisho mbele ya wodi ya watoto, upepo uliingia kwa mara ya kwanza. Kofia ya Taratibu ikaruka, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikaenda kuangukia jikoni kwenye sufuria la uji. Mpishi akatoka nayo juu ya mwiko. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Katika mambo yote ya siku ile, kicheko kile ndicho tunachokijutia kuliko vyote.

Kwa siku chache kila mtu alitusifu. Bahari ilionekana kutoka kila mahali. Wageni wa wagonjwa walisema sasa ndiyo imekuwa hospitali. Sisi wenyewe tulikuwa tukipumzika na chai zetu tukiitazama bahari, tunaona ni jambo zuri. Hilo ndilo fanikio letu. Tuliambiwa pasafishwe, pakasafishika.

CHANGAMOTO

Kisha upepo ukageuka.

Asubuhi moja tulikuta majani ya bustani nzima yamekauka pembeni, ya rangi ya kahawia, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Tuliyaosha kwa maji baridi, kila jani, wote tukiwa na vitambaa, kama tunaogesha wagonjwa. Kesho yake chumvi ilikuwa imerudi. Mizambarau ya kando ya wodi ilipukutisha kila kitu. Bogenvilia ya getini, ambayo ina moyo mgumu kuliko sisi sote, ndiyo pekee inayoonekana kutoelewa kilichotokea. Mabenchi ambayo wagonjwa walikaa jioni hayana mtu, kwa sababu mchanga unaingia machoni, na kwenye vidonda. Siku hizi tunayafuta kila siku, na hakuna anayekaa.

Dobi Mkuu, ambaye ameketi pale na anatikisa kichwa, alitufuata siku moja na shuka mkononi. Alisema, "Nafua mara mbili siku hizi. Ya kwanza natoa uchafu wa watu, ya pili natoa wenu." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu.

Lakini tunaomba tukueleze hasa kuhusu wodi ya watoto. Madirisha yake sasa hufungwa mchana kutwa, na humo ndani ni joto. Zamani vitanda vya upande ule vilitazama Kinga, na ndani ya Kinga walikaa ndege wengi wenye kelele, na watoto waliokuwa hawawezi kushuka kitandani walikuwa wakigawana ndege, huyu wangu, yule wako. Kulikuwa na binti mdogo mwenye mguu wa plasta, amelazwa muda mrefu. Alipoinuliwa akaona mashimo matupu, alimuuliza muuguzi, "Sista, miti imeruhusiwa?"

Muuguzi alikuja kutuuliza sisi amjibu nini. Mwishowe mmoja wetu akasema, "Mwambie ndiyo, imepona imekwenda kwao." Muuguzi akamwambia hivyo. Yule binti akafurahi, akasema basi na yeye zamu yake iko karibu. Ameshakwenda nyumbani, mguu mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini uongo ule umebaki hapa na sisi.

Hata hivyo, Mgeni rasmi, mpaka hapo tulikuwa tunaamini kwamba ndivyo ulivyotaka. Tulisema mkubwa ameona mbali, labda kuna jengo linakuja. Ni mwezi huu tu, dereva wako alipoleta miche mapema, ndipo tulipojua. Alishuka kwenye lori, akajinyoosha, akatazama mbele, akasimama hivyohivyo mikono kiunoni.

"Jamani," akasema, "miti mmeipeleka wapi?"

Taratibu akamwambia, "Si Mama alisema pasafishwe?"

Dereva akatutazama mmoja mmoja akidhani tunamtania. "Siku ile mimi nilikuwa nyuma yake," akasema. "Alikuwa anaonyesha mifuko. Ile mifuko ya plastiki na machupa. Hata alisema, miti mizuri hivi, inatundikwa takataka."

Mzee wetu mmoja alikaa kwenye toroli, na toroli likaondoka naye kidogo kabla hatujalishika. Siku nyingine tungecheka.

Miti mizuri hivi. Mama, katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuiita Kinga nzuri. Hata sisi hatukuwahi. Ulikuwa wa kwanza, na maneno hayo hayakushuka ngazi. Lilishuka neno moja tu.

Hatusemi haya ili kumtafuta mchawi. Mganga Mkuu alifikisha alichosikia. Katibu alifikisha alichoambiwa. Wewe ulisema Kiswahili safi kabisa. Na sisi tulitenda kwa Kiswahili chetu, ambacho nacho ni safi. Ila tulikuwa na macho. Tuliijua Kinga mti kwa mti, tulijua inafanya nini, na tuliing'oa bila hata mmoja wetu kupanda ngazi zile kuja kukuuliza. Tulikuwa na wiki nzima ya kukuuliza. Tungechelewa kidogo, tungeitwa wavivu, na majina mabaya kuliko hayo tunayo. Hilo linatuuma, na tumekubaliana lisomwe mbele ya watu.

Pamoja na hayo, kuna kipande kimebaki. Kiko upande wa kulia kwako, kutoka chumba cha dobi mpaka mbele ya wodi ya wazazi. Hakikubaki kwa huruma yetu, msumeno uliharibika. Ndani yake kuna kila aina: mikadi, mivinje, mkungu mmoja mzee, na mtambaazi ambao tukiukata vipande na kuuzika mchangani unaota upya. Mbegu na vipandikizi vyote vya kuirudisha Kinga viko humo, na kwingine hatuna. Lakini amri ya kusafisha haijafutwa. Msumeno umetengenezwa, uko stoo umetiwa mafuta, na kazi imepangwa kumaliziwa kesho asubuhi baada ya sherehe hii. Tulipomwomba Katibu aisimamishe, alituambia, na kwa haki kabisa, "Si mimi niliyesema. Amesema Mwenyekiti. Atakayebadilisha ni yeye."

Basi tumekuja kwako mwenyewe, safari hii bila kupitia ngazi.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulipoanza kuandika risala hii tulikuwa na maombi mengi. Tuliandika glovu, buti, na toroli jipya, maana lile la zamani umeshasikia tabia yake. Yote hayo tumeyafuta. Tumebakiza mawili.

La kwanza linahusu zawadi yako, na tunaliomba tukiwa tumeinamisha vichwa. Dereva alipoileta miche, tulichukua mwaridi mmoja na mjakaranda mmoja tukaiweka kwenye kona ya usaili. Tuliitakia mema, tunakuapia. Tulikwenda kuitazama asubuhi na jioni kama mtu mwenye mgonjwa. Hatukuileta hapa mbele kwa sababu hatutaki uione ilivyo. Tunaomba miwaridi michache tuiweke uwani ndani, kati ya kuta za jiko na maabara, mahali ambapo upepo haufiki, tutaitunza kama yetu. Mingine yote pamoja na mijakaranda tunaomba irudi milimani, ipandwe kwenye zahanati ya huko kwenu, ikaishi. Na katika lile shimo ulilochimbiwa, tunaomba upande mche huu mwembamba ulio mkononi mwa Taratibu. Ni mvinje. Uliota wenyewe chini ya kile kipande kilichobaki, hakuna aliyeupanda. Hauna ua, na katika picha utaonekana kama umeshika ufagio. Lakini siku utakayorudi, utaukuta.

Ombi la pili ni neno moja. Baada ya risala hii utasimama utoe hotuba. Mganga Mkuu yupo, Katibu yupo, Taratibu yupo, sisi tupo, na madirisha yale yamefunguliwa leo kwa ajili yako. Hakuna atakayelibeba neno lako kulipeleka kwa mwingine, kila mtu atalisikia kwa masikio yake. Tunajua itakubidi uwashukuru wengi na kutaja mengi, na utakapofika kwenye usafi wa mazingira tunakuomba, Mama yetu, utuhurumie katika kuchagua maneno. Ukitaka mifuko iokotwe, tuambie tuzoe. Tutazoa mpaka mchanga wenyewe uombe msamaha. Lakini ukikitazama kile kipande cha upande wa kulia, kabla hujakaa, tunaomba utamke kwa sauti: pale paachwe.

Neno hilo kwetu lina maana moja tu, na kwako pia tunaamini ni hiyohiyo.

Mungu akuzidishie afya, akurudishe nyumbani salama, na maua yako ya milimani yaendelee kuchanua kwa mkono wako. Awape nafuu waliolala humu ndani, na atusamehe sisi tuliofanya kazi vizuri siku ambayo ingefaa tuifanye vibaya.

Ni sisi, Watunza Bustani wa hospitali. Majembe tumeyaweka chini, tunasubiri neno.